Ng'ombe wa Mtihani

Nilianza kazi kwenye kliniki ya mifugo kama mfagiaji, na ukifungua vitabu vyao utaona nilimaliza kama mfagiaji. Katikati pana miaka kumi na moja ambayo haimo kwenye kitabu chochote. Hiyo ndiyo nataka kuieleza, maana waliobaki pale wanaisimulia kwa namna yao, na kwa namna yao mimi ni mwanamke mkaidi aliyekataa kazi siku ya mtihani.

Kliniki ilikuwa vyumba viwili vya matofali, na nyuma uwanja wa saruji. Chumba cha mbele kilikuwa cha Daktari: meza, kabati la dawa lenye kufuli, na mtungi wa baridi kali ambao ukiufungua unatoa moshi mweupe. Humo ndimo zilimokaa mbegu za madume, kila moja kwenye mrija mwembamba kama njiti. Chumba cha pili kilikuwa stoo. Uwanjani palikuwa na kibanio, yaani uchochoro wa mbao nene ambamo ng'ombe anaingizwa, anafungwa shingo mbele na kuzuiwa na nguzo nyuma, ili anayempima asipigwe teke. Mimi nilifagia uwanja, niliosha ndoo, nilichemsha vyuma. Nilikuwa nimeishia darasa la tatu. Hakuna aliyeniahidi zaidi ya ufagio na mimi sikuomba.

Kilichonitoa kwenye ufagio ni huu mkono wa kushoto. Daktari ni mtu wa miraba minne, mkono wake kama mguu wa meza. Siku moja aliletwa mtamba mdogo, anazaa kwa mara ya kwanza, na kichwa cha ndama kimegeukia nyuma. Daktari alihangaika naye mpaka shati likamgandama mgongoni. Halafu akageuka, akaniona nimesimama na ndoo, akanitazama mkono kama mtu anayechagua kuni.

"Hebu njoo wewe. Vua saa."

"Sina saa, Daktari."

"Basi vua aibu."

Nikaingiza mkono. Yeye akawa ananiuliza nagusa nini, mimi namjibu, yeye ananiambia nifanye nini. Nilikuta sikio, nikashuka nalo mpaka kwenye mdomo, nikatia vidole kwenye kona ya mdomo ule, nikavuta kidogo kidogo kila mama yake alipopumzika kusukuma. Kichwa kikaja. Ndama akatoka mzima, akapiga chafya. Daktari akanawa, akaingia ndani, akaandika kitabuni kwamba Daktari amezalisha. Sikuona ubaya. Nilikuwa na furaha ya kijinga, nikaenda nyumbani nikimwonyesha mume wangu mkono kama mtoto aliyepata jino jipya.

Tangu hapo wakawa wananiita Mama Mkono. Mbuzi anayezaa kwa shida, Mama Mkono. Mtamba mwembamba, Mama Mkono. Kisha kupima mimba, kisha kupandisha kwa mrija. Kazi ile hakuna wa kukuonyesha, kwa sababu hakuna kinachoonekana. Unaingiza mkono kwa njia ya nyuma, mpaka begani, na kupitia ukuta wa utumbo unatafuta mfuko wa uzazi uliolala chini yake. Mfuko una pembe mbili kama za kondoo. Ukiwa mtupu, pembe zinalingana. Ukiwa na mimba changa, pembe moja imejaa maji, na ukiibana taratibu kwa vidole viwili unasikia utando ukikuponyoka ndani yake, mwembamba, kama uzi uliolowa. Ilinichukua karibu miaka miwili kuusikia uzi ule bila kubahatisha. Katika miaka hiyo nilivunjwa kidole, nilikanyagwa mguu mpaka ukucha ukang'oka, na nilipakwa mavi usoni mara nyingi kuliko nilivyopakwa mafuta.

Glovu ndefu zilikuwepo, ila zilikuwa za wanafunzi. Chuo kilileta wanafunzi wawili kila mwaka kufanya mazoezi kwa miezi mitatu. Wao walivaa mpya. Mimi niliokota zao, nikaziosha, nikaziba matundu kwa kufunga fundo kwenye kidole kilichochanika. Mwaka wa tano nilishikwa na homa inayokuja na kwenda, viungo vinauma kama vimepigwa nyundo, mwaka mzima. Hospitali waliniuliza kama nashika ng'ombe waliotupa mimba. Niliporudi na kumweleza Daktari, alisema labda nalala karibu na dirisha.

Na wanafunzi hao niliwafundisha mimi. Nilisimama pembeni nikiwaambia shuka chini, rudi nyuma, hicho ni kibofu, acha. Wao waliandika, wakapigiwa mihuri, wakaenda zao. Mmoja aliwahi kuniambia kwa nia njema kabisa, "Mama Mkono, wewe ungesoma ungekuwa mbali." Nilimjibu kwamba ningesoma nisingekuwa hapa kumzuia asimpasue ng'ombe wa watu.

Sasa niingie kwa Wifi.

Wifi ni dada wa mume wangu, kitinda mimba wao. Alimaliza sekondari, akakaa kwetu miaka miwili akigombana na redio. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa maneno machache. Akaniomba, "Mchukue huko kwenu, hata ashike ndoo." Nikamchukua. Nikamwombea kwa Daktari mwenyewe, nikamfundisha kama nilivyofundisha wengine, ila yeye nilimfundisha kwa moyo, kwa sababu ni wa nyumbani. Alikuwa mwepesi wa kushika. Na mcheshi. Tukirudi jioni, yeye mbele mimi nyuma, alikuwa akisema, "Wifi, nikiolewa mume wangu atauliza harufu hii ni ya nini."

"Mwambie ni ya kwenu. Mimi nilikuja kwenu nanukia maua."

"Maua ya wapi? Kaka anasema ulikuja unanukia mafuta ya taa."

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Tulichota maji pamoja, tuligombania sabuni, nilimsuka nywele. Sitaki mtu aseme nilikuwa na kinyongo naye tangu mwanzo. Sikuwa nacho.

Halafu ikaja barua. Daktari alituita uwanjani akaisoma kwa sauti. Kuanzia mwanzo wa mwaka ujao, asiye na cheti asimguse mnyama wa mtu, akipatikana atashtakiwa. Ambao hawakusoma chuo lakini wamekuwa kazini wangepewa nafasi ya kufanya mtihani wa mikono, mara moja tu, mbele ya wakaguzi, mradi walete kitabu cha kazi chenye ng'ombe hamsini waliowahudumia, kila mmoja ametiwa sahihi na daktari.

Nilicheka. Hamsini? Kwa hesabu yangu ya kichwani nilikuwa nimeshapita elfu. Kesho yake nikamwendea Daktari nimevaa gauni safi, nikamwomba anitolee hamsini tu katika hao. Akafungua vitabu vya nyuma, kimoja baada ya kingine, akavigeuzia upande wangu.

"Tafuta jina lako."

"Daktari, si unajua nani alifanya?"

"Mimi najua. Kitabu hakijui. Na mimi nikiandika leo mambo ya miaka iliyopita, nitakuwa nimeghushi."

"Kwa hiyo miaka kumi na moja ilikuwa ya nini?"

"Ulikuwa unanisaidia," akasema, na akafunga vitabu. "Ukitaka uzoefu uandikwe, anza sasa."

Nikaanza. Ng'ombe wa kwanza, mwaka wa kumi na mbili. Daktari akatangaza kwamba kila ng'ombe anahesabiwa kwenye kitabu cha mtu mmoja tu, na mimi na Wifi sote tulikuwa tunatafuta hamsini. Wifi ana mwandiko mzuri, ndiye aliyekuwa akimwandikia Daktari ripoti zake za mwezi, basi ng'ombe wapole wakawa wanaangukia kwake. Mimi nilipewa wenye pembe, wenye kuhara, na dume moja lililoletwa kwa makosa. Kitabu changu Wifi ndiye aliyenijazia, kwa sababu mimi naandika polepole kama ninayechora. Alinijazia kwa haki. Hakuniibia hata mstari mmoja. Ng'ombe wangu wa hamsini nilimpata wiki mbili kabla ya mtihani, kwenye mvua, kwenye zizi lisilo na paa.

Wakaja wakaguzi wawili, mmoja mnene, mmoja mwembamba. Mashati ya mikono mirefu, viatu vinavyong'aa, makaratasi kwenye ubao wa kuandikia. Walituambia kazi yao ni kutazama na kuweka alama, hawaruhusiwi kumgusa mnyama wa mtihani. Alitakiwa ng'ombe wa kweli, aliye kwenye joto, yaani anayetaka dume, siku hiyohiyo, na bahati ikawa nzuri, au ndivyo tulivyodhani. Asubuhi ile fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara alimleta ng'ombe wake. Mwanamke yule ana ng'ombe mmoja tu, wa kahawia, mwenye baka jeupe usoni. Alisema ameamka analia na kuhangaika, anataka kupanda hata ukuta. Alikuwa amepandishwa wiki kumi na moja zilizopita. Wiki ile ya nyuma Daktari alimpima kwa mkono, wageni wakimsubiri ofisini, akaandika kwenye kadi: mtupu.

Daktari akafurahi. "Huyu ndiye," akawaambia wakaguzi. "Hakushika mimba mara ya kwanza, leo amerudi kwenye joto. Mtaona kazi tangu mwanzo hadi mwisho."

Nikaitwa wa kwanza. Nilitoa mrija kwenye mtungi, nikauyeyusha kwenye maji ya uvuguvugu, nikaukausha, nikaupakia kwenye kile chuma kirefu cha kupandishia. Mkaguzi mwembamba alikuwa akitia vema kwa kila hatua, naisikia kalamu. Nikaingiza mkono wa kushoto.

Hakuna aliyeniambia nipime mimba. Kwenye karatasi yao haikuwepo. Lakini mkono wangu ukiingia unapita kwanza kwenye mfuko wa uzazi, kama mtu anayeingia nyumbani kwake na kugusa swichi bila kufikiri. Ukapita. Pembe ya kulia ilikuwa imejaa. Nikaibana taratibu, uzi ukaniponyoka. Nikabana tena sehemu nyingine. Ukaponyoka tena.

Ng'ombe mwenye mimba anaweza kuonyesha dalili za joto. Si wengi, ila wapo, nimewakuta. Na ukimpandisha huyo, chuma kinapita kwenye mlango wa uzazi uliofungwa, kinaingia alipo ndama, na ndama anakwisha. Hayo niliyajua kama ninavyojua njia ya kisimani.

Na nilijua mengine. Kwamba nikisema ana mimba, nitakuwa nasema mbele ya wakubwa wake kwamba Daktari alikosea kadi. Kwamba Daktari ndiye mwenye sahihi ya mwisho. Kwamba nafasi ni moja, na mwisho wa mwaka umebaki miezi miwili. Na kwamba hakuna mkono mwingine humo ndani isipokuwa wangu, nikipitisha chuma nani atajua? Sitadanganya kwamba wazo hilo halikunijia. Lilinijia na nikakaa nalo, mkono ukiwa ndani, mavi yakinitiririka kwapani.

"Mbona umesimama?" akauliza mkaguzi mnene.

"Huyu ana mimba," nikasema. "Simpandishi."

Kalamu ikanyamaza. Daktari akacheka kidogo kwa pua. "Mama Mkono, umechanganyikiwa na watu. Endelea."

"Pembe ya kulia imejaa, Daktari. Utando nimeusikia mara mbili. Njoo uguse."

"Nilishagusa. Kadi ipo."

"Uligusa una wageni."

Hilo lilinitoka. Ningelimeza kama ningepata nafasi ya pili, ila sikuipata. Uso wa Daktari ukabadilika. Mkaguzi mwembamba, ambaye naamini alitaka kutenda haki, akasema kwamba kama pana ubishi, basi mtahiniwa mwingine apime, hata alama zake zitapatikana hapohapo. Mtahiniwa mwingine alikuwa Wifi.

Wifi akavaa glovu. Alipita karibu yangu bila kuniangalia. Daktari alikuwa anamtazama kama mtu anayemtazama mtoto wake jukwaani. Akaingiza mkono. Mimi namjua Wifi anavyopima, nilimfundisha mwenyewe: kwanza anafumba macho, halafu kidevu chake kinapanda. Akafumba macho. Kidevu kikapanda. Akabaki hivyo. Nikaona bega likisogea kidogo, kama mtu anayebana kitu, na kusogea tena. Akajua. Kama yupo aliyekuwepo pale aliyeweza kuona kwamba amejua, ni mimi tu.

Akafumbua macho, akamtazama Daktari.

"Mtupu," akasema.

"Basi endelea," akasema mkaguzi mnene.

Akaendelea. Akapokea kile chuma nilichopakia mimi kwa mikono yangu, akakipitisha. Kilichukua muda kupita, maana mlango ulikuwa umefungwa kama unavyotakiwa kufungwa. Daktari akasema, "Taratibu, hivyohivyo." Fundi cherehani alikuwa amesimama kwenye lango, ameshika kamba. Hakuelewa chochote. Alifikiri tunamsaidia.

Karatasi yangu iliandikwa kwamba nimekataa kutekeleza kazi na nimebishana na msimamizi. Ya Wifi ilitiwa muhuri palepale.

Nyumbani alifika mapema akaanza kufua, vitu ambavyo hata havikuwa vyake. Nikasimama upande wa pili wa kamba ya nguo.

"Uligusa nini, Wifi?"

"Nilimwona mtupu."

"Sikukuuliza ulimwona. Ulimgusa."

"Labda mkono wangu haujafika wa kwako," akasema, kwa sauti ya unyenyekevu, na akaendelea kubana nguo. Hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Mume wangu alikuwa kwenye kizingiti anavua buti. Akasema, "Jamani, mtihani ni mtihani. Mmoja akipata nyumba imepata."

"Nyumba ipi?" nikamuuliza. Akavua buti la pili.

Nikarudi kwenye ufagio. Tangu hapo niliruhusiwa kuosha ndoo, ila kwenye kibanio nisisogee. Wakulima walikuja wakaniita, nikawaonyesha Wifi kwa kidole.

Siku ya kumi na tisa baada ya mtihani, fundi cherehani aliingia na beseni limefunikwa kwa kipande cha kitambaa cha sare za shule. Akakifunua juu ya meza ya Daktari. Ndama alikuwa mdogo kama paka mchanga, hana manyoya, kwato zake laini kama jeli, kila kitu kimekamilika.

"Hiki ni nini?" akauliza. "Mlisema hana mimba."

Daktari alitazama muda mfupi sana. Akachukua kalamu. "Huu ni ugonjwa wa kutupa mimba," akasema. "Unaambukiza. Mtenge na wengine."

"Sina wengine."

"Basi itabidi auzwe machinjioni, mama. Pole. Ni kwa usalama wa watu wote."

Wifi alikuwa kwenye kabati la dawa, amegeuza mgongo, anapanga chupa ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Mimi nilikuwa mlangoni na ufagio. Nilingoja aseme. Nilimpa nafasi, naapa nilimpa. Akachukua chupa akaifuta vumbi.

"Hana ugonjwa," nikasema. "Alikuwa na mimba siku ile ya mtihani. Nilisema mbele ya watu watano, na wewe ulikuwepo getini umeshika kamba. Wakampandisha juu ya mimba. Usimpeleke popote mpaka apimwe damu."

Fundi cherehani akanitazama mimi, akamtazama Daktari, akafunika beseni. "Nitampima," akasema.

Daktari alisubiri atoke. Hakupandisha sauti. Aliniambia tu nikabidhi ufagio, kana kwamba ni bunduki ya serikali.

Damu ilipimwa mjini, ikaja safi. Ng'ombe akanusurika. Fundi cherehani si mtu wa kuachia jambo, akanichukua mpaka ofisi kuu ya mifugo, tukapanda ngazi tatu, tukasubiri kwenye benchi tangu asubuhi hadi saa nane mchana. Ofisa aliyetupokea alikuwa kijana mpole, alituletea hata maji. Akasikiliza yote. Akaandika. Halafu akaniuliza, "Wewe mama, ulijuaje ana mimba?"

"Niligusa."

"Una cheti cha kupima mimba?"

"Ndicho nilichokuwa natafuta siku hiyo."

Akaweka kalamu chini. Akanieleza vizuri, bila dharau, kwamba ushahidi wa hali ya ndani ya mnyama unaweza kutolewa na mtu mwenye sifa tu. Daktari ana sifa, alisema mtupu. Mtahiniwa wa pili ana sifa tangu siku hiyo, alisema mtupu. Mimi kwa karatasi nilikuwa mfagiaji aliyefeli mtihani. "Na ng'ombe hutupa mimba kwa sababu nyingi," akaongeza. Nikamwambia hiyo najua. Kwenye ngazi fundi cherehani alishuka akilaani kwa hasira. Mimi sikulaani. Nilikuwa nimechoka tu, kama mtu aliyebeba gunia akaambiwa silo lililotakiwa.

Sasa nashinda kibandani kwake, ng'ambo ya kliniki. Yeye anashona, mimi natia vifungo na kukata nyuzi. Kupitia mlango naona lango la kliniki, naona nani ameingia na mnyama gani. Kwa mwendo tu wa ng'ombe najua ana nini, na najua itawachukua muda gani kujua. Wifi amehama kwetu, amepanga chumba karibu na kazi. Ana koti jeupe lenye jina lake kifuani.

Juzi, kama saa tano asubuhi, alivuka barabara mbio na koti hilo limelowa mpaka begani. Akasimama mlangoni. Alikuwa hajawahi kukanyaga hapo.

"Wifi, Daktari yuko mkutanoni, simu haipatikani," akasema. "Nina ng'ombe anazaa tangu alfajiri. Mkono hauingii mbali. Njia imebana, ina mikunjo. Sijui ni nini."

Nilijua ni nini kabla hajamaliza. Mfuko wa uzazi umejizungusha. Nimekutana nao mara nne, na kila mara nusu saa ndiyo iliyoamua. Nikachukua kifungo kingine.

"Wifi, tafadhali. Atakufa na ndama wake."

"Siku ya mtihani uligusa nini?"

Cherehani ikasimama. Wifi akamtazama mwenye cherehani, akanitazama mimi. Kutoka ng'ambo tulikuwa tunamsikia ng'ombe, sauti ile ya chini, ya mnyama anayesukuma kitu kisichotoka.

"Hayo tutazungumza nyumbani," akasema.

"Nyumbani nilikuuliza. Nakuuliza hapa, mbele ya mwenye ng'ombe yule."

Alilia. Sikumhurumia na sitajifanya nilimhurumia. Nilitunga uzi kwenye sindano.

"Uliponyoka," akasema mwishowe. "Mara mbili. Pembe ya kulia."

"Rudia," akasema fundi cherehani, taratibu. "Sikusikia vizuri."

"Alikuwa na mimba. Nilijua."

Ndipo nikamuuliza mikunjo inaelekea upande gani, ukiwa umesimama nyuma yake. Akafumba macho, akaonyesha kwa mkono: kushoto. Nikamwambia amwangushe kwa kamba, amlaze ubavu wa kushoto, aweke ubao juu ya tumbo na mtu mzito akae juu yake, kisha wamviringishe kwa nguvu kuelekea hukohuko kushoto, miguu juu, mpaka aangukie ubavu wa pili. Aingize mkono apime. Kama mikunjo bado ipo, arudie. Akanirudishia maneno yote bila kukosea hata moja. Siku zote alikuwa mwepesi wa kushika. Akaondoka mbio.

Tuliwasikia wanaume wakihesabu, moja, mbili, tatu, na kishindo. Wakahesabu tena. Baada ya muda watu walicheka kwa sauti, kicheko kile cha uzazi uliofanikiwa, na mtu akaita jina la Wifi na kumsifu.

Fundi cherehani alikuwa ameshavaa viatu. "Simama twende ofisini," akasema. "Amekiri, nimesikia mwenyewe kwa masikio yangu."

"Akifika kule atasema mtupu."

"Hawezi. Hana moyo huo."

"Anao," nikasema. "Kaa ushone, mteja wa sare anakuja saa saba."

Alibaki amesimama na viatu vyake, akitazama ng'ambo, mpaka mteja wa sare akaja kweli, akaanza kulalamika kwamba shati lake halijatiwa vifungo vya mikono.